Mwembe wa uani na upepo wa kusi

MZAZI mwenzangu, leo watoto wakitoka shule, kabla hawajaenda kucheza chini ya mwembe wa uani, inama ulitazame shina lake pale linapoingia ardhini.

Nasema hivi kwa sababu ya mwembe wa shangazi yangu hapa Maramba. Majani yalikuwa mabichi, maembe tele, uozo hakuna. Usiku mmoja wa masika upepo wa kusi ukavuma, mti ukang'oka na kulala juu ya jiko la nje. Bahati watoto walikuwa wamelala ndani. Asubuhi tukachungulia shimo: upande wa kusini mizizi yote minene ilikuwa imekatika zamani, tulipochimba msingi wa ukuta. Tuliikata wenyewe, kwa mashoka yetu.

Wengi tunadhani mti hushikwa na mzizi mmoja mkuu unaoshuka chini. Kumbe mti mkubwa hushikwa zaidi na mizizi ya pembeni, inayotambaa karibu na uso wa ardhi hadi kupita kivuli cha matawi. Ile ya upande upepo unakotoka ni kama kamba za hema. Chimba mtaro wa bomba karibu na shina, umezikata. Na kusi huanza kipindi kile kile mvua za masika zimelainisha udongo.

Hata ufagio una lawama. Tunafagia ua kila alfajiri mpaka mizizi inabaki wazi kama mishipa ya mkono wa mzee. Acha majani makavu yaizunguke, ila yasirundikwe kwenye gome.

Wapo wanaoukata mti kichwa chote wakidhani wameuokoa. Machipukizi yanayoota pale hushika juu juu tu, na baada ya miaka michache ndiyo yanayovunjika. Afadhali kuondoa matawi makavu na yanayosuguana.

Ukiona udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, au mti umeinama ghafla, watoto wasikae hapo hata dakika moja. Mwite afisa misitu. Uyoga ukiota shinani, usingoje pia.

Kimbunga ni habari nyingine. Kile cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Lakini upepo uliouangusha mwembe wetu ulikuwa wa kawaida, wa kila mwaka.

Shangazi amepanda mwingine, mbali na ukuta. Mjukuu wake alichana kiriba, akakuta mizizi imejizungusha humo kama kata ya kichwani. Tukaikata iliyojikunja na kuinyoosha mingine, kwani ikiachwa huendelea kuzunguka hivyo hivyo ardhini. Shina hatukulizika. Kijiti tumekifunga kwa kamba legevu, mche upate kuyumba kidogo, maana kuyumba ndiko kunakonenepesha shina. Mwakani tutakiondoa.

Mjukuu ameshauliza lini ataruhusiwa kuupanda.