Ngoma imekwisha, mbona masikio bado yavuma?

Isecheno, kando ya msitu wa Kakamega, usiku hauna kimya. Nyenje huimba hadi alfajiri, na kwa sababu hiyo mpiga isukuti aweza kuishi miaka mingi na mlio masikioni asijue kuwa anao. Hudhani ni wadudu tu. Siku atakapolala kwa jamaa yake Nairobi, katika chumba cha mawe kilichofungwa madirisha, ndipo atakapogundua kwamba nyenje wamesafiri naye.

Mlio huu, ambao madaktari huuita tinitasi, si ugonjwa bali ni dalili. Wengine husikia filimbi nyembamba, wengine mvumo kama wa maji yanayokaribia kuchemka. Aliyeketi kando hasikii chochote, na hapo ndipo taabu inapozidi: mgonjwa huambiwa anajisingizia, au amerogwa. La, hajarogwa.

Ndani kabisa ya sikio mna mfereji uliojikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo laini, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, ambazo huyumba sauti inapoingia na kuupasha ubongo habari. Kishindo kikubwa huzilaza kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Baadhi huinuka tena, ndiyo maana masikio yaliyoziba usiku wa matanga hufunguka kesho yake. Lakini zilizokufa hazioti tena. Wataalamu wengi huamini kwamba ubongo, ukikosa habari kutoka kwa seli hizo, hujiongezea sauti wenyewe, mfano wa mtu anayefungulia redio hadi mwisho akitafuta stesheni iliyokwisha kufunga. Anachopata ni mvumo.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho. Hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikiandamana na pembe ya swara na manyanga, kwenye harusi, mazishi na sherehe nyinginezo. Mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ni heshima kubwa, ingawa nionavyo mimi, la kulindwa kwanza ni sikio la mpigaji. Mgeni wa harusi akichoshwa na kelele husogea nyuma ya migomba. Mpigaji hana pa kusogea, maana ndiye anayeilipia karo kelele hiyo.

Je, kelele kiasi gani ni nyingi? Watafiti wa afya kazini wa Marekani huruhusu desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka 3, muda hupungua kwa nusu, hata ikifika 100 zimesalia dakika 15 tu. Huna kipimo? Mwenzako akiwa umbali wa mkono mmoja nawe ukalazimika kupaza sauti ili akusikie, basi mmekwisha kuingia hatarini.

Hapa msomaji atauliza kama mpigaji aache ngoma. Si lazima. Pete Townshend, mpiga gitaa wa kundi la The Who la Uingereza, ameueleza mlio wake hadharani kwa miaka mingi, akivilaumu hasa visikizi vya studio (vijana wa matatu, mpo?), na hakuacha muziki. Linalotakiwa ni kupunguza dozi. Wapigaji wapokezane. Asisimame mtu mbele ya mdomo wa pembe wala karibu na spika za disko matanga. Vizibo vya masikio vya sponji hupunguza kelele sana. Pamba haisaidii kitu.

Kwa ambaye mlio umekwisha kuota mizizi, hakuna dawa iliyothibitishwa kuuondoa, na anayekuuzia moja anakuibia. Lakini ubongo waweza kufundishwa kuupuuza, kama mtu akaaye kando ya kinu cha posho asivyokisikia tena. Ushauri nasaha husaidia hapo, na kifaa cha kusikilizia humfaa aliyepungukiwa kusikia. Kimya kitupu ndicho adui. Usiku washa redio kwa sauti ya chini, au fungua dirisha. Kwa mtu wa Isecheno, nyenje wa kweli ni tiba ya bure.

Kabla ya yote, muone mganga wa hospitali. Huenda ni nta iliyojaa tu, na kuichokonoa kwa njiti ya kiberiti huisukuma ndani zaidi. Kwinini, na aspirini ikizidi, zaweza pia kuleta mvumo ambao kwa kawaida huisha baadaye, ila usikatize dawa ya malaria bila kumuuliza aliyekuandikia. Mlio wa sikio moja pekee, unaodunda sawa na moyo, au unaoandamana na kizunguzungu au usaha, haufai kungojea. Sikio likizima ghafla, nenda siku hiyo hiyo, hata kama umeahidi kupiga ngoma jioni.