Mbavu za Kitimoto Chamwino: Pumba Hurudi Mezani

MBAVU za nguruwe zinazookwa kwa moto wa taratibu ni biashara inayokula muda na mkaa. Zinahitaji saa mbili au tatu, na mteja mwenye njaa hasubiri. Desturi ya kitimoto ni kupima nyama ikiwa mbichi, hivyo upungufu wa uzito humwangukia mlaji. Muuzaji wa Chamwino anayeoka mapema hubeba upungufu huo mwenyewe, na mfupa juu yake. Asipoupandisha kwenye bei, anakula mtaji.

Mlaji anapata nini? Gramu 100 za nyama ya mbavu iliyoiva zina protini gramu 29 hivi, mafuta gramu 30 na kalori karibu 400. Kwa anayeagiza kila jioni, mafuta hayo si mchezo.

Hata hivyo, nguruwe humzidi ng'ombe mara kadhaa kwa vitamini B1, na hapo pana hesabu ya kuvutia. Mashine ya kukoboa mahindi humpa mnunuzi sembe nyeupe, ikaacha sehemu kubwa ya vitamini hiyo kwenye pumba. Pumba hulishwa nguruwe, pamoja na mashudu ya alizeti, zao linalolimwa sana Dodoma. Anayekula mbavu kwa ugali wa sembe hurudishiwa alichokobolewa. Sehemu ya vitamini hutoka na maji ya nyama, kwa hiyo mwokaji hodari hukinga sinia chini, huengua mafuta, na kinachobaki hukiuza kama mchuzi.

Wateja wameongezeka tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma; Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 20, 2023. Wapo wengi wasioila nyama hii kwa imani, na mwenye busara huchagua eneo la banda lake kwa kuzingatia hilo.

Hatari kubwa ni homa ya nguruwe ya Afrika. Haimdhuru binadamu, lakini haina tiba na huweza kumaliza zizi zima. Ikiingia, wafugaji hukimbilia kuuza na bei huanguka. Nguruwe huyo wa bei ya kutupa, asiyepita kwa mkaguzi, anaweza pia kuwa na tegu. Moto usipofika mfupani, kwenye nyuzi 70 hivi, mlaji huondoka naye. Na mwenye banda anayefuga nyumbani, akiwatupia nguruwe wake mabaki ya mbavu hizo, hupeleka homa zizini kwake mwenyewe.