Gari Lenye Mikosi: Tuliuze, Tulizingue au Tusubiri?

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, kuna mas-ala yanayotatiza familia nyingi visiwani kwetu. Mtu hununua gari, na tangu siku aliyoliingiza uani hapumui. Leo limegongwa, kesho injini imekufa, mara mtoto kabanwa na mlango, na fedha yote inaishia gereji. Hapo majirani huanza kusema: "Gari hili lina kisirani." Mmoja ashauri lichinjiwe mbuzi na damu ipakwe matairini, mwengine ataka hirizi ifichwe chini ya kiti. Je, dini yetu inasemaje?

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa wakimtimua ndege. Akiruka kulia walisafiri, akiruka kushoto walirudi nyumbani. Mtume (S.A.W.) aliibatilisha imani hiyo, na katika Hadithi ya Ibn Mas'ud iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi ameiita shirki. Basi gari, rangi yake au namba yake havina uwezo wa kuleta kheri wala shari.

Lakini imepokewa pia na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), Hadithi inayotaja shari katika mwanamke, nyumba na farasi. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika maana yake. Bi Aisha (R.A.) alieleza kuwa Mtume alikuwa akisimulia waliyoyaamini watu wa Jahiliya. Imam Malik aliichukua kwa dhahiri yake, na waliofuata njia hiyo wanasema Mwenyezi Mungu huweza kukadiria madhara yaambatane na kitu fulani. Farasi wa leo ndiyo gari. Na Abu Daud amepokea kuwa watu walimlalamikia Mtume juu ya nyumba waliyohamia, wakapungukiwa watu na mali, naye akawaamuru waiwache.

Kwa hivyo, kuliuza gari lililokuchosha si dhambi, maadamu unaamini kuwa mwenye kudhuru na kunufaisha ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Kabla ya kuliuza, tunausia haya:

Kwanza, lipeleke kwa fundi mwaminifu. Magari yetu mengi huja yakiwa yameshatumika, na chumvi ya bahari hula chuma. Mara nyingi kinachoitwa mkosi ni kutu, breki mbovu, tairi zilizokwisha au mwendo wa kasi.

Pili, jihisabu nafsi yako. Suratu Shura, aya ya 30, inatukumbusha kuwa misiba hutufika kwa yale iliyoyachuma mikono yetu. Je, gari lilinunuliwa kwa mkopo wa riba? Kuna haki ya mtu ndani yake? Hata hivyo, usimhukumu mwenzako, kwani Mitume pia walipewa mitihani.

Tatu, shikamana na dua ya kupanda kipando iliyomo katika Suratu Zukhruf, aya ya 13 na 14, na toa sadaka kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ama kuchinja kwa kuliridhisha jini ni shirki, na hirizi Mtume amezikataza.

Nne, ukiuza, sema kweli. Kama gari liliwahi kugongwa au injini ilifunguliwa, mwambie mnunuzi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hakim bin Hizam kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kudanganya, baraka hufutwa. Basi mwenye kuficha aibu ya gari ili aukimbie mkosi, amelitoa gari na baraka imetoka pamoja nalo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na watoto wetu barabarani, na azisafishe nyoyo zetu na shirki, ya dhahiri na ya siri.

Wallahu a'lam.