Mbele ya kuwaza sumu, tuwaze sindano

Imbwa yenye kutangatanga mu njia haikutoka mu pori. Ilitoka mu lupango ya mutu. Sisi bachimbaji tunajua vile inapitaka: kontra inaisha, famili inahama, vitanda na masufuria vinapanda mu kamyo, imbwa inabakia ku mulango. Nyuma ya miezi michache imekwisha kuzaa, na batoto yake banakula mu takataka. Siku moja mutu wa ekipe ya usiku anaumwa mu njia, na kila mutu anasema: tutie sumu.

Ile kasirani tunaielewa. Lakini tuangalie kwanza namna bengine balifanya.

Mu 1860, ku London, mama mumoja jina lake Mary Tealby alifungua nyumba ya kupokea imbwa zenye kupotea, mu kartie ya Holloway. Gazeti The Times lilimuchekelea. Mama alikufa mu 1865, lakini nyumba haikufungwa. Mu 1871 ilihamia Battersea, mu 1883 ikaanza kupokea na paka, na mpaka leo ingali inatumika.

Kazi ya nyumba kama hii inafuata hatua. Kwanza banatafuta mwenyewe. Mu Uingereza, tangu 2016, sheria inataka kila imbwa iwe na kachipi chini ya ngozi, na ile namba yake inaonyesha ni ya nani. Mwenyewe anapewa siku 7 za kuja kuichukua. Kisha munganga wa nyama anaipima, anaitenga kama iko mugonjwa, anaipiga sindano, na anaifanyia operasyo isizae tena. Kisha banaangalia tabia yake: inaogopa batoto? Inapigana na paka? Nyuma ya ile ndiyo banaitafutia famili yenye kuiweza.

Ile operasyo si jambo dogo. Imbwa muke inabeba mimba miezi mbili tu, na paka vilevile. Kupokea bila kupunguza kuzaa ni sawa kutosha maji mu galeri bila kuziba kwenye inaingilia.

Kwetu mu makambi hatuna nyumba kama ya Battersea. Lakini sindano haiombe nyumba. Na ni sindano yenye kuokoa bantu. Wazimu ya imbwa, ile ugonjwa banganga banaita raje, dalili zake zikisha kutokea mu mutu, karibu kila mara ni kifo. OMS inasema 99% ya bantu benye kuipata, balipewa na imbwa. Inasema tena: kama 70% ya imbwa za fasi moja zimepigwa sindano, ugonjwa unakosa njia. Ku N'Djamena, mu Chad, balipiga imbwa sindano ya bure mu 2012 na 2013, bakapita ile 70%, na ugonjwa ukakatika kwa muda mu muji. Ulirudi na imbwa zenye kutoka inje. Ndiyo maana hii kazi haifanyike mara moja tu.

Sumu inafanya nini? Inaua hata imbwa yenye kupigwa sindano, inaua kuku, inatia batoto yetu mu hatari. Fasi yenye kubakia wazi inajaa tena na imbwa mpya zisizo na sindano.

Kwa hiyo, bandugu, wakati wa kuhama tubebe imbwa yetu, ao tuitafutie mwenyewe mwingine mbele kamyo haijafika. Mutu akiumwa, tusafishe kidonda na maji mingi na sabuni dakika 15, na ile siku ile tumupeleke ku munganga. Tusingoje kuona kama imbwa itakufa.

Na ku meza ya mazungumuzo na bakubwa ba kazi, sisi basendika tuweke vitu mbili: siku ya kupiga imbwa na paka sindano mu kila kambi, kila mwaka, na dawa ya raje iwe tayari ku dispanseri ya mugodi, bila kukata mushahara. Tarehe 28 Septemba ni siku ya raje mu dunia yote. Ni siku Louis Pasteur, mwenye kutafuta ile dawa, alikufa mu 1895. Ile siku ifike tukiwa na jibu ya bakubwa mu mukono.