Kocha Kijana na Amana Kubwa



Wazazi na ndugu wapenzi, katika mitaa yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe hakukosekani kijana afundishaye mpira wa kikapu. Asubuhi yuko kazini au chuoni. Baada ya Alasiri yuko uwanjani na wanafunzi, filimbi shingoni, mpaka jua likikaribia kutua. Aghalabu halipwi, ama hupewa nauli tu. Nyumbani huulizwa kila siku, “Mwanangu, kazi utatafuta lini?” Kisha siku moja nafasi kubwa yatokea, ya klabu yenye jina, ya kaunti, au hata ya taifa, na jina la kijana yule latajwa. Hapo maneno huanza. Huyu asema bado ni mdogo, yule asema si wa kwetu, na wa tatu auliza ni nani aliyemsikia. Akiwa ni mwanamke, maneno huzidi.

Basi swali letu la wiki hii ni hili: kijana akitajwa kwa kazi iliyo kubwa kuliko umri wake, tumpime kwa kipimo gani? Wala tusidhani ni swali la wanamichezo pekee. Ndilo swali la kamati ya msikiti itafutapo imamu, la madrasa itafutapo mwalimu mkuu, na la chama cha akina mama kinapochagua mweka hazina.

Kipimo alichokitoa binti

Wengi wetu twakijua kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan akiwa mgeni, hana mali wala jamaa. Aliwanyweshea maji wanyama wa mabinti wawili, kisha akaenda kukaa kivulini. Katika Suratul Qasas twasoma kwamba mmoja wa mabinti wale ndiye aliyempa baba yake shauri la kumwajiri, na akataja sababu mbili: kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, shauri hili lilitoka kwa binti, na mzee akalisikiliza. La pili, binti hakutaja umri wala kabila, na hakuuliza Musa ni mtoto wa nani. Nguvu maana yake ni uwezo wa kuifanya kazi yenyewe. Uaminifu ni kuilinda hata pasipo mtu wa kuangalia. Mwenye nguvu asiye mwaminifu atakula mali ya timu, na mwaminifu asiye na nguvu atapoteza muda wa watoto. Ni lazima yote mawili yakutane.

Kijana wa Indianapolis

Nchini Marekani, ambako kocha wa chuo kikuu hujulikana kuliko waalimu wake wote, kuna mfano unaofaa kuangaliwa. Brad Stevens alikuwa na kazi nzuri katika kampuni ya dawa ya Eli Lilly mjini Indianapolis. Mwaka 2000 aliiacha akaenda kujitolea katika ofisi ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Butler, chuo kidogo katika mji huohuo. Mchumba wake, ambaye baadaye alikuwa mkewe, hakumzuia. Yeye naye aliamua kwenda kusomea sheria, ili nyumba yao isitegemee bahati ya mpira peke yake.

Stevens alipanda daraja akawa kocha msaidizi, na mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 30, akakabidhiwa timu nzima. Mwaka 2010 chuo kile kidogo kikafika fainali ya vyuo vikuu vya Marekani, kikashindwa na Duke kwa pointi mbili tu, 61 kwa 59. Mwaka uliofuata kikafika tena fainali. Vyuo vikubwa vikaanza kumwania, lakini yeye mwaka 2010 alitia saini mkataba mrefu wa kubaki Butler. Mwaka 2013 ndipo alipoondoka, akiwa na miaka 36, kwenda kuifundisha Boston Celtics, mojawapo ya timu kongwe za kulipwa duniani.

Msimu wake wa kwanza huko ulikuwa mchungu: alishinda michezo 25 akapoteza 57. Kwetu sisi kocha wa namna hiyo asingeimaliza Ramadhani yake ya kwanza. Waliomwajiri walimvumilia, kwa kuwa walijua timu inajengwa upya. Mwaka 2021 wakampandisha kuwa msimamizi mkuu wa mambo ya mpira wa timu hiyo, na mwaka 2024 Celtics ikatwaa ubingwa. Funzo hapa ni kwamba mwajiri naye ana wajibu. Ukimpa kijana mzigo mkubwa, mpe na muda wa kuubeba.

Mgeni aliyeiongoza Kenya

Tusiende mbali. Mwaka 2021 timu yetu ya taifa ya wanaume, Morans, ilikabidhiwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Alikuwa ameanza kufundisha barani Afrika mwaka 2011 huko Zambia, kisha akawa kocha msaidizi katika timu za taifa za Zambia na Kameruni. Wapo waliotikisa vichwa. Lakini Februari ya mwaka huo, mjini Yaoundé, Kenya iliishinda Angola, bingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73, mpira wa mwisho ukirushwa na Tylor Ongwae muda ukiwa umekwisha. Kwa ushindi ule Kenya ilirudi katika mashindano ya AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993, na Mills akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo.

Simtaji ili kufungua mjadala wa kuchanganyika kwa wanawake na wanaume. Hilo lina mlango wake na adabu zake. Namtaja kwa sababu hakuanzia juu. Alikuwa na miaka kumi ya kazi nyuma yake, na miongoni mwake ile ya kuwa msaidizi wa wengine. Aliyeonekana kuwa ameibuka ghafla alikuwa amekwisha pikwa.

Usama na mashaka ya wazee

Umri pekee si hoja, na historia yetu yashuhudia. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika siku zake za mwisho alimteua Usama bin Zayd kuwa amiri wa jeshi, hali ya kuwa ni kijana wa miaka kama 18, na ndani ya jeshi hilo mlikuwamo masahaba wakubwa. Baadhi ya watu walinung’unika. Mtume akawakumbusha kuwa walimtilia shaka baba yake hapo kabla, na kwamba mtoto anastahiki kama alivyostahiki baba. Baada ya kufa Mtume, Abu Bakr alishauriwa ambadilishe, akakataa. Alimsindikiza kijana yule akitembea kwa miguu, Usama akiwa juu ya kipando chake.

Lakini tukumbuke pia upande wa pili. Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake, aliomba kupewa uongozi, na Mtume akamwambia kwa upole kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi ile na kwamba hiyo ni amana. Abu Dharr alikuwa katika wakweli wakubwa wa umma huu, na kunyimwa hakukumshushia hadhi. Basi kijana akiambiwa “bado”, asione ametukanwa. Na anayemwambia amweleze sababu, asimfunike kwa maneno ya pembeni.

Mabinti zetu wako wapi?

Hapa nasema na akina mama. Kwa miaka mingi binti mwenye kujisitiri alifungiwa mlango wa mashindano ya kimataifa ya kikapu. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia kule Incheon, Korea Kusini, timu ya wanawake ya Qatar ilijitoa kwa sababu wachezaji walikatazwa kuingia uwanjani na hijabu. Shirikisho la kimataifa, FIBA, lilibadilisha kanuni hiyo mwaka 2017, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo vazi la kichwa likaruhusiwa kwa masharti ya usalama.

Kizuizi cha kanuni kimeondoka. Kilichobaki ni chetu. Mama anayetaka binti yake acheze katika sitara, mbele ya wanawake wenzake, chini ya mwalimu mwanamke, anataka jambo la haki. Lakini mwalimu huyo hashuki kutoka mbinguni. Ni lazima awe binti wa mtu, aliyeachiwa kusoma ukocha, akaanza na wanafunzi kumi, akasaidia kabla ya kuongoza. Tukiwazuia mabinti wote wasijifunze, kesho tutalalamika kwamba watoto wetu hawana wa kuwafundisha isipokuwa wanaume, na lawama itakuwa juu yetu.

Yafaayo kutendwa

Kwa kijana aliyetajwa: fanya istikhara na utake shauri la wazazi na walimu wako. Usiongeze cheti usichonacho. Usitoe chochote ili uteuliwe, kwani kazi iliyoingiwa kwa rushwa haina baraka. Soma mkataba kabla ya kutia saini, na uulize muda wako, mshahara wako, na ratiba ya mazoezi wakati wa sala. Kabla ya kuondoka, wakabidhi wanafunzi wako kwa mtu unayemwamini. Wale watoto kumi wa uwanja wa vumbi ni amana pia.

Kwa wazazi: kabla ya kuuliza “analipwa ngapi?”, ulizeni “anafundisha nini?” Kijana anayewatoa vijana wenzake barazani wakati ambapo wauza unga wanawatafuta anafanya kazi ya jamii, hata kama mfuko wake ni mtupu. Lakini mshaurini awe na elimu au ufundi wa kumsimamisha, kama walivyofanya wale wawili wa Indianapolis.

Kwa wanakamati na viongozi: mkisha kumpa, msimame naye. Msimteue kijana ili mpate wa kumlaumu timu itakaposhindwa. Na mkimkataa, mkataeni kwa nguvu au kwa uaminifu aliopungukiwa, si kwa ndevu ambazo hazijaota.

Tunamwomba Allah awape vijana wetu uwezo na uaminifu kwa pamoja, na atupe sisi wazee insafu ya kuyatambua yote mawili. Amin.