Nani Atangulie Kutua?

Ndege ndogo ya watalii inapoondoka Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hakuna mnara wa kuiongoza. Rubani hutazama kama wanyama wamevamia njia, hutangaza redioni alipo na anakoelekea, kisha huruka. Haitimii saa moja, ndege hiyohiyo iko Dar es Salaam, kwenye foleni moja na Boeing 787 ya Air Tanzania.

Foleni hiyo hupangwa na waongoza ndege wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na ugumu wake uko kwenye mwendo. Chukua Cessna Caravan iliyobakiza maili 10 za baharini kutua, ikienda maili 100 kwa saa. Nyuma yake, umbali wa maili 5, kuna jeti inayokuja kwa maili 140 kwa saa. Caravan itatumia dakika 6 kufika. Ndani ya dakika hizo jeti itakuwa imekula maili 4 za nafasi ile, na inabaki 1 tu, wakati Caravan bado iko kwenye njia ya kurukia. Kwa hiyo mwongoza ndege huamua mapema: aipunguze jeti mwendo, au aizungushe Caravan pembeni. Akichelewa, jeti huamriwa ipae tena.

Jeti kubwa kama Boeing 787 ikitangulia, mabawa yake huacha nyuma mizunguko mikali ya hewa inayoweza kuipindua ndege ndogo. Kanuni za kimataifa zinataka maili 6 kati yao, kama kilomita 11.

Hesabu hizi hufanywa na binadamu anayechoka. Usiku wa Julai 1, 2002, mwongoza ndege mmoja huko Zurich alibaki na vituo viwili vya kazi huku mwenzake akipumzika. Alikuwa akihangaikia ndege iliyochelewa kutua Friedrichshafen wakati ndege nyingine mbili zilipogongana juu ya Überlingen, Ujerumani. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto. Hapa jirani, Machi 5, 2024, Dash 8 ya Safarilink iliyotoka Wilson, Nairobi, iligongana na Cessna ya mafunzo. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walikufa. 44 wa Dash 8 walirudi salama.

Mwaka 2018 Tanzania ilizindua mradi wa rada nne: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni hatua kubwa. Lakini rada huonyesha ndege zilipo. Wa kuamua ipi isubiri ni mtu, naye anahitaji wenzake wa kutosha zamu nzima, saa za kupumzika, na uhuru wa kuripoti hatari bila kuogopa kuadhibiwa. Bajeti ya usalama wa anga ianzie hapo.

Nawe abiria unayetoka Mikumi, ndege yako ikizungushwa kabla ya kutua Dar es Salaam, usimharakishe rubani.