Sauti na Picha Ziende Pamoja

Tawi linaporekodi mkutano kwa simu na kuuweka kwenye DVD ili wenzetu wa zamu nyingine wauone, huenda mdomo wa msemaji ukatangulia na sauti ikafuata nyuma. Jambo hili si dogo. Mwanachama akiona hivyo atashuku kwamba maneno ya mkutano yamechezewa.

Chanzo chake ni hiki. DVD ya mfumo wa PAL huonyesha picha 25 kila sekunde, bila kubadilika. Simu nyingi hubadili mwendo: penye giza hupunguza picha, penye mwanga huziongeza. Sauti nayo ina hesabu yake. Programu ya kugeuza ikikosea hesabu, viwili hivi huachana.

Kwanza, tazameni mwanzo, katikati na mwisho. Tofauti ikiwa ni ile ile, tuseme nusu sekunde, isogezeni sauti kwa nusu sekunde na kazi imekwisha. Ikiwa inazidi kukua, kusogeza hakutasaidia. Rudini kwenye rekodi ya asili. Igeuzeni iwe na picha 25 kamili kwa sekunde. HandBrake, programu isiyolipiwa, ina nafasi ya kuchagua mwendo usiobadilika. Sauti iwekeni kwenye kipimo cha 48,000 kwa sekunde, ambacho ndicho cha DVD. Ndipo mtengeneze diski.

Jaribuni kwanza kwa DVD-RW, ambayo hufutika, mkaitazame hadi mwisho kabla ya kutoa nakala. Wala msiifute rekodi ya asili: huo ndio ushahidi wenu.